Sauti za Kitui, Herufi za Wajerumani: Kikamba na Suala la Lugha ya Jimbo

Tarehe 3 Desemba, 1849, mmisionari Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara ya pembe. Kutoka huko aliuona kwa mbali mlima wenye vilele vyeupe ambao mwenyeji wake alikuwa amekwisha kumweleza habari zake. Jina aliloliandika, mara Kegnia, mara Kenia, ndilo lililokuja kuwa jina la nchi nzima. Tukio hilo limejadiliwa sana kwa upande wa jiografia. Kwa mwanaisimu, lililo muhimu zaidi ni kwamba jina hilo lilipokelewa kwa matamshi ya Kikamba.

Wakikuyu huuita mlima huo Kĩrĩnyaga. Wakamba husema Kĩĩnyaa. Tofauti hiyo si ya bahati. Katika maneno mengi Kikamba kimedondosha, baina ya irabu, konsonanti ambazo lugha za jirani zimezihifadhi. Mlima, ambao kwa Kikuyu ni kĩrĩma, kwa Kikamba ni kĩĩma. Shamba, mũgũnda, ni mũũnda. Kulima, kũrĩma, ni kũĩma. Kiswahili nacho kimeihifadhi l katika mlima na kulima. Aidha, Kikamba kina irabu saba, si tano, na urefu wa irabu hauwezi kupuuzwa. Krapf, mzaliwa wa Derendingen karibu na Tübingen, kusini ya Ujerumani, hakuwa na herufi ya ĩ. Aliandika e, na sikio lake halikukosea sana, kwani ĩ ya Kikamba huikaribia e. Waingereza wa enzi ya ukoloni waliozoea kutamka "Kiinya" ndio waliokuwa mbali zaidi na Kitui.

Mwaka 1850 ilichapishwa Tübingen Injili ya Marko kwa Kikamba, kazi ya Krapf, pamoja na msamiati wake wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kikamba kikiwamo. Kivoi aliuawa mwaka 1851 karibu na mto Tana, Krapf akanusurika kwa shida, na mpango wa kuweka kituo Ukambani ukafa. Kikamba kikawa na kitabu kabla ya kuwa na shule.

Shule zilipokuja zilikuja kwa njia mbili, nazo hazikukutana. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walutheri wa Ujerumani walifungua kituo Ikutha, kusini ya Kitui, ambacho punde kilikuwa chini ya Misioni ya Leipzig. Mwaka 1895 wamisionari wa Africa Inland Mission, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, walijenga Nzaui, katika Makueni ya leo, chini ya kĩĩma ambacho mapokeo ya Wakamba hukitaja kuwa mahali watu wa kwanza walipowekwa duniani. Vita vya 1914 vilikomesha kazi ya Wajerumani; vituo vyao vikaangukia mikononi mwa misioni hiyo ya pili, na maandishi yakafuata. Agano Jipya la mwaka 1920 na Biblia nzima ya mwaka 1956 ziliimarisha Kikamba cha upande wa Masaku, ambacho hadi leo huhesabiwa kuwa ndicho sanifu. Usemi wa Mbooni na Kilungu uliingia humo bila kutajwa kwa jina, maana Makueni haikuwa wilaya mpaka ilipomegwa kutoka Machakos mwaka 1992. Usemi wa Kitui, ng'ambo ya Athi, ukabaki "lahaja". Yafaa ikumbukwe kwamba hapana hoja ya kiisimu iliyoleta matokeo hayo. Kilichoamua ni vita na mgawanyo wa vituo.

Jambo hili halikuwa geni huko Ujerumani. Wajerumani wa kaskazini wana lugha yao, Platt, iliyokuwa lugha ya biashara ya miji ya Hanse na ambayo ilipata Biblia yake Lübeck mwaka 1534. Mwaka 1621 Biblia hiyo ilichapwa kwa mara ya mwisho. Makanisa na shule zikahamia Kijerumani cha Juu. Hapa mambo ya sauti yamepinduka: Platt ndiyo iliyohifadhi konsonanti za kale (Water, maken), na Kijerumani sanifu ndicho kilichozibadili (Wasser, machen). Kwa hiyo ukale wa sauti haukuipatia Platt hadhi yoyote, na wanaotaka kuitetea Kitui, au Masaku, kwa hoja ya ukale wanapaswa kutafuta hoja nyingine. Tena, Klaus Groth wa Holstein alipoirudishia Platt heshima kwa mashairi yake ya mwaka 1852, haukupita muda akaishambulia hadharani Platt ya Fritz Reuter wa Mecklenburg. Lugha isiyo na mji mkuu huwa na watetezi wanaogombana.

Carl Meinhof, mzaliwa wa Pomerania katika eneo hilohilo la Platt na profesa wa Hamburg tangu 1909, ndiye aliyezipanga kanuni za sauti za Kibantu ambazo kwazo kĩrĩma na kĩĩma huweza kuonyeshwa kuwa neno moja. Nadharia yake juu ya Wahamiti imetupwa, na kwa haki. Kanuni za sauti zingali zinatumika, ingawa zimerekebishwa. Katika kanuni hizo lahaja ya Kitui ina uzito sawa na ya Masaku.

Shuleni haina uzito huo. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, na vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu vilikuwapo kwa Kikamba. Lakini "kikwetu" cha nani? Ujerumani imeitambua Platt kuwa lugha ya jimbo chini ya mkataba wa Ulaya tangu 1999, bila kuilazimishia tahajia moja. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ilinde wingi wa lugha za wananchi, lahaja haizitaji. Mwalimu wa Ikutha anayeandika neno ubaoni huku watoto wakilitamka vingine hana mwongozo katika kifungu hicho, naye huamua mwenyewe iwapo atasahihisha watoto au ubao.