Miaka ya Taasisi, Miaka ya Wananchi: Simiyu katika Kumbukumbu za Maadhimisho ya Utafiti wa Tiba

Utangulizi

Kumbukumbu za maadhimisho, yaani hotuba, ratiba, orodha za waalikwa, picha na vijarida, hutumiwa na wanahistoria kwa tahadhari kwa kuwa hutungwa ili kusifu. Hata hivyo, nyaraka hizo hubainisha jambo moja muhimu: taasisi imeamua kuhesabu umri wake kuanzia wapi. Insha hii inachunguza uamuzi huo kwa kurejelea Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu. Inadai kwamba hesabu ya miaka ya taasisi huwaacha nje wananchi ambao miili yao ndiyo iliyowezesha utafiti.

Mianzo mitatu

Mwanzo wa kwanza ni wa kisheria. Taasisi iliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1979, miaka miwili baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo iliyokuwa ikisimamia utafiti wa tiba katika kanda. Mwanzo wa pili ni wa kituo. Kituo cha Mwanza kinatokana na kazi za uchunguzi wa magonjwa zilizoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1949, zikiwemo za matende na mabusha. Kwa hiyo, mwaka 2019 uliweza kuhesabiwa kuwa wa 40 kwa sheria na wa 70 kwa Mwanza.

Mwanzo wa tatu hauna sherehe. Mwaka 1922 malale yalizuka kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria, katika nchi ya Maswa. C. F. M. Swynnerton alichunguza mbung'o waliohusika, na mwaka 1923 aina mojawapo ilipewa jina lake, Glossina swynnertoni. Jina la mchunguzi likadumu katika sayansi. Wagonjwa walibaki idadi tu. Endapo umri wa utafiti ungehesabiwa kutoka kwa walioathirika, hesabu ingeanzia huku, si katika jengo wala katika sheria.

Mkoa usioonekana

Kutafuta neno "Simiyu" katika nyaraka za zamani huleta zaidi jina la mto. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Mkoa wa Shinyanga, na Busega ilimegwa kutoka Magu, Mkoa wa Mwanza. Enzi ya ukoloni, Bariadi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa katika Jimbo la Ziwa. Hivyo, habari za jamii moja zimetawanyika katika majalada ya tawala kadhaa, na mtafiti anayefuata ramani ya leo pekee atahitimisha kimakosa kwamba eneo hili halikuwa na historia ya utafiti.

Mafanikio nayo hubeba majina ya vituo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 kuhusu kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa yalionyesha kupungua kwa maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia inayafahamu kwa jina la Mwanza, ingawa washiriki zaidi ya 12,000 walitoka katika jamii 12 za mkoa huo. Usiri wa mshiriki ni haki yake na sharti ulindwe. Lakini usiri wa mtu si sababu ya kusahau mchango wa jamii.

Hitimisho

Maadhimisho si uongo; ni uteuzi. Ili kuusahihisha, nyaraka za taasisi zisomwe sambamba na majalada ya Wilaya ya Maswa, na masimulizi ya wazee wa Bariadi, Itilima na Busega yakusanywe kwa Kisukuma, lugha ambayo kwayo wengi wao waliombwa kutoa damu, mkojo na kinyesi kwa ajili ya uchunguzi. Wazee hao wanapungua kila mwaka, ilhali karatasi za sherehe zinaendelea kuhifadhiwa.