Pasaka: Mlo unaofunga agano

KATIKA Kiswahili, kiapo huliwa. Msemo huo wamsaidia msomaji kufahamu kwa nini Wakristo wa Thika, Ruiru na viunga vyake huuhesabu mlo wa Pasaka kuwa agano, wala si karamu ya sikukuu tu.

Asili ya mlo huo imo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12. Katika usiku wao wa mwisho utumwani Misri, Waisraeli waliagizwa kuchinja mwanakondoo asiye na ila, kupaka damu yake milangoni, kisha kumla akiwa ameokwa kwa moto, pamoja na mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu. Jamaa iliyokuwa ndogo mno kumaliza mwanakondoo ilitakiwa kushirikiana na jirani.

Kwa mujibu wa Injili za Mathayo, Marko na Luka, Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake usiku wa kuamkia kusulubiwa kwake. Alitwaa mkate na kikombe akavipa maana mpya: mwili wake, na damu ya agano. Ndiposa Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anamwita Kristo Pasaka ya waumini.

Makanisa huuadhimisha mlo huo kwa njia mbalimbali. Wakatoliki huamini kwamba mkate na divai hugeuka kuwa mwili na damu ya Kristo, na Misa ya Alhamisi Kuu hukumbuka kuwekwa kwa Ekaristi. Wapresibiteri hufundisha kwamba Kristo yumo mezani kwa njia ya Roho. Wasabato nao huoshana miguu kabla ya kushiriki.

Katika eneo hili la Kiambu, agano hilo limewahi kutiwa majaribuni.

Baada ya hali ya hatari kutangazwa mnamo Oktoba 20, 1952, Wakristo wengi wa vuguvugu la uamsho, lililoingia Kenya kutoka Rwanda mwaka wa 1937, walikataa kula kiapo cha Mau Mau. Walishikilia kwamba aliyekunywa damu ya Kristo hawezi kunywa ya mbuzi. Baadhi yao waliuawa. Aidha, wengi wao walikataa kubeba silaha za serikali ya mkoloni, hivyo wakashukiwa na pande zote mbili.

Jaribio la pili lilikuja wakati wa uhuru. Tom Mboya alipouawa jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969, watu wa jamii ya Wakikuyu walisafirishwa kwa malori hadi Gatundu, si mbali na Thika, nyumbani kwa Rais Jomo Kenyatta. Huko walilishwa kiapo cha kuhakikisha utawala hautoki mikononi mwa jamii yao. Safari hiyo ilifichwa kwa jina la kwenda kunywa chai. Waumini waliokataa walipigwa, viongozi wa makanisa wakapaza sauti, na shughuli hiyo ikakoma baadaye mwaka huo.

Mgogoro haukuwa juu ya chakula chenyewe. Kiapo cha 1969 kiliwafunga watu wa kabila moja dhidi ya wenzao, ilhali Meza ya Bwana huwaita ndugu watu wasio na nasaba moja. Mtu hangeweza kuketi katika meza zote mbili.

Hoja hiyo ingali na uzito. Viwanda vya Thika, mashamba ya mananasi, na mitaa ya Ruiru iliyojengwa palipokuwa na kahawa vimewavuta watu wa kila jamii. Kibarua, mwenye nyumba na mpangaji wake hupokea mkate katika ibada moja.

Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu wenye mali walikula wakashiba huku maskini wakibaki na njaa, akawaagiza wangojane. Kwa kipimo hicho, anayeshiriki mkate na jirani kanisani, kisha akambagua mtaani kwa sababu ya kabila au umaskini wake, amelivunja agano alilokula.