Kohei Uchimura: Mfalme Aliyeanguka Nyumbani

Wasee, tukitaja mabingwa huku kwetu ni wakimbiaji tu. Leo nawaletea Mjapani: Kohei Uchimura, mwanajimnastiki aliyekulia Nagasaki, kwenye jimu ya wazazi wake.

Beijing 2008 alipata fedha. Halafu kuanzia 2009 hadi 2016 akabeba kila taji la jumla la vifaa vyote sita: mara sita bingwa wa dunia, mara mbili wa Olimpiki. Miaka nane, buda!

Rio 2016, kifaa kimoja kimebaki, Oleg Verniaiev wa Ukraine yuko mbele kwa pointi 0.901. Uchimura akapanda chuma cha juu, akazunguka, akaachilia, akadaka, akatua miguu imeganda. Dhahabu, kwa pointi 0.099!

Tokyo 2021, Olimpiki ya nyumbani, hakuna mashabiki sababu ya korona. Chuma kilekile kikamponyoka kwenye mchujo, pwaa! Ikaishia hapo. 2022 akastaafu.

Na bado wanamwita Mfalme.

Mimi niliacha chuo, na mtaani hiyo ndiyo stori yangu yote. Zamani nililaumu watu. Lakini Uchimura alipoanguka, kulikuwa na miaka nane ya kusimulia. Yangu ndio naanza kuijenga.