Wadeni na Wadai: Mfuko wa Harijan katika Miaka ya Dhiki

Wasomaji wa kijitabu hiki wamezoea kukuta humu historia ya mandir yetu: nani alitoa kiwanja, sanamu zilifika kwa meli gani, ukumbi ulizinduliwa lini. Safari hii tumeomba nafasi ya kusimulia mambo yaliyotokea ng'ambo, India, kabla hata wakubwa wetu wengi hawajazaliwa. Ni habari za fedha za sadaka. Na fedha za sadaka ndizo zilizotugawanya sisi wadhamini mwaka 2020.

Mwaka ule harusi ziliahirishwa, ukumbi ukafungwa, na mapato ya kuukodisha yakakoma. Wenye maduka miongoni mwetu walikuwa wakihesabu siku. Tulikaa kikao tukakata matumizi. Tulichobakiza ni mgao wa chakula. Tulichokata ni karo za watoto wa wafagiaji na walinzi wa mtaa wetu, pamoja na fungu dogo tulilokuwa tukimpa wakili aliyewasaidia wafanyakazi wa majumbani kudai mishahara yao. Katika kumbukumbu za kikao tuliandika neno moja tu, "dhiki". Lakini sababu tulizijua. Gunia la unga huonekana katika picha. Kesi ya mshahara haionekani. Tena baadhi ya waliokuwa wakidaiwa mishahara hiyo walikuwa wanachama wetu.

Mzee mmoja aliyekuwapo alituuliza kama tunajua Mfuko wa Harijan ulikusanywa mwaka gani. Hatukujua. Tulipotafuta tukaona kwamba ulikusanywa katika mwaka mbaya kuliko miaka yote ya kukusanya fedha.

Mdororo Mkuu wa uchumi ulioanzia Marekani mwaka 1929 uliifikia India kupitia bei za mazao. Kufikia mwaka 1933 bei hizo zilikuwa zimeshuka kwa karibu nusu, ilhali kodi ya ardhi na madeni ya mkulima kwa mkopeshaji vilibaki vilevile. Kisha Septemba 1931 Uingereza ikaacha kuifungamanisha pauni na dhahabu. Bei ya dhahabu kwa rupia ikapanda, na wakulima wakaanza kuuza bangili na mikufu ya nyumba zao. Dhahabu hiyo ilipakiwa melini Bombay kwenda London kwa wingi usiopata kuonekana, na watu wa wakati ule wakaiita dhahabu ya dhiki. Sisi ambao koo zetu zimepima dhahabu vizazi kwa vizazi hatuhitaji kuelezwa maana ya jina hilo. Mkulima anayeleta mkufu wa arusi kwenye mizani hafanyi biashara. Anakula akiba yake ya mwisho. Upande wetu huu wa bahari nako bei za mkonge, pamba na kahawa zilianguka, na madaftari ya mikopo ya maduka ya babu zetu yakanenepa.

Ni katika hali hiyo, Septemba 1932, Gandhi akiwa kifungoni Yeravda, alipoanza mfungo wa kukataa mpango wa serikali ya Kiingereza wa kuwapa watu walioitwa wasioguswa uchaguzi wao wa pekee. Tarehe 24 mapatano yalitiwa saini Poona, Dakta Bhimrao Ambedkar akiwa msemaji mkuu wa watu hao. Ambedkar aliuacha uchaguzi wa pekee, akapata viti 148 vilivyotengwa katika mabaraza ya majimbo. Siku chache baadaye, tarehe 30, viongozi wa Kihindu walianzisha chama cha kupiga vita utengano huo, ambacho baada ya kubadilishwa jina kilijulikana kwa jina la Harijan Sevak Sangh. Rais wake alikuwa Ghanshyam Das Birla, tajiri wa viwanda. Katibu wake mkuu alikuwa Amritlal Thakkar.

Juu ya Thakkar tutakawia kidogo, kwa kuwa ni mtu wetu. Alizaliwa Bhavnagar mwaka 1869, Mlohana kama walivyo wasomaji wengi wa kijitabu hiki. Alisomea uhandisi Poona, na karne ya 19 ilipokuwa ikiingia ya 20 alikuwa hapa hapa Afrika Mashariki, mhandisi katika ujenzi wa Reli ya Uganda. Tumesimulia mara nyingi habari za makuli na simba wa Tsavo, wala hatukuwahi kutaja kwamba kwenye reli ile alipita mtu ambaye India nzima ingekuja kumwita Bapa, yaani baba. Aliporudi kwao aliajiriwa na manispaa ya Bombay. Huko aliona kwa macho yake jinsi wafagiaji wa jiji walivyoishi, na mwaka 1914 akaacha kazi yenye mshahara mzuri ili awatumikie watu maskini. Tangu hapo hadi kifo chake mwaka 1951 hakurudi kwenye kazi ya kujitafutia mali.

Mezani kwa Thakkar ndipo barua ya Ambedkar ilipopelekwa. Ambedkar aliiandika Novemba 1932 akiwa melini kwenda London kwenye Mkutano wa Meza ya Duara. Kwa maoni yetu kila mdhamini wa mfuko wowote angefaa kuijua. Alisema kuna njia mbili za kutumia fedha za namna hii. Ya kwanza humchukulia mtu aliyeonewa kuwa ndiye mwenye kasoro, kwa hiyo hutoa fedha ili aache pombe, apate maktaba, apate shule, awe safi. Ya pili huamini kwamba kasoro imo katika mazingira yanayomzunguka. Alikitaka chama kichague ya pili: kipiganie haki ya watu wake kuchota maji katika visima vya kijiji, kusomesha watoto katika shule za kijiji, kupanda magari ya umma. Kipiganie pia nafasi zao za kazi, kwa mfano katika viwanda vya nguo ambako walizuiwa kuingia idara ya ufumaji. Alijua kuwa kazi hiyo ingeleta ugomvi, hata damu, lakini aliona hakuna njia nyingine. Mwisho alitaka watumishi wa chama watoke miongoni mwa watu wenyewe.

Barua ile haikujibiwa. Chama kilishika zaidi njia ya kwanza: shule, hosteli, misaada ya masomo, visima vipya vilivyochimbwa kando ya vile vya zamani. Hatusemi kazi hiyo ilikuwa bure. Watoto wengi walisoma kwa fedha zile. Lakini kisima kipya huwaachia wenye kisima cha zamani amani yao, na mfadhili hupenda amani, hasa mwaka ambao biashara yake inayumba. Sisi tulipolikata fungu la wakili tukabakiza unga, tulifanya uamuzi wa namna ileile, tena bila hata barua ya kutuonya.

Watu wa tabaka lile walipodai kuwamo katika halmashauri, Gandhi aliwapa jibu ambalo limetusumbua sana. Alisema chama hiki ni cha wadeni. Wahindu wa matabaka ya juu wamefanya dhambi na wanalipa. Hao wengine ndio wadai wao. Kwa hiyo kazi ya kulipa ni ya wadeni wenyewe, na wadai wanaweza kuunda kamati zao za kushauri na kukagua. Neno hilo deni lina uzito kwetu. Sadaka hupungua mwaka wa hasara, wala hakuna anayemlaumu mtoaji. Deni halipungui, mwaka wa hasara ndio linapong'ata. Kwa kuiita kazi ile deni, Gandhi aliwanyima matajiri kisingizio cha bei kuanguka. Hapo tunamwinamia. Ila palipobaki tunasimama na Ambedkar, tena kwa sababu za dukani tu: hatujapata kuona mdeni akijipangia peke yake kiasi cha kulipa, tarehe ya kulipa na namna ya kulipa, huku mdai akingoja barazani.

Mwaka uliofuata ulionyesha upande wa pili wa mambo, yaani fedha zenyewe zilivyopatikana. Kwanza ilitolewa mali badala ya fedha. Septemba 1933 Gandhi alikikabidhi chama ile ashramu ya Sabarmati, ardhi na majengo. Tukio hilo lilikuwa na chimbuko la zamani. Mwaka 1915 ashramu ilipokuwa bado Kochrab, nje kidogo ya Ahmedabad, ilipokea familia moja ya wasioguswa, na wafadhili wakaacha kutoa. Siku ambayo mtunza fedha alisema hakuna kitu cha mwezi ujao, Gandhi alijibu kuwa basi watahamia mtaa wa wasioguswa. Muda si mrefu tajiri mmoja alisimamisha gari nje, akakabidhi rupia 13,000, akaondoka. Gandhi hakumtaja katika kitabu chake, lakini baadaye ilijulikana kuwa ni Ambalal Sarabhai, mwenye kiwanda cha nguo.

Kisha ikaja safari. Tarehe 7 Novemba 1933 Gandhi aliondoka Wardha, na kwa miezi tisa akazunguka India, kilomita kama 20,000, kwa treni, kwa gari na hatimaye, huko Orissa, kwa miguu. Thakkar alikuwa miongoni mwa waliosafiri naye. Hawakungoja hundi za matajiri. Sarafu za shaba zilipokelewa mikutanoni, na saini ya Gandhi iliuzwa rupia 5. Zawadi alizopewa na miji zilinadiwa papo hapo. Wanawake walivua bangili. Huko Vadakara, pwani ya Malabar, Januari 1934, binti wa miaka 16 alivua vito vyake vyote jukwaani na kuahidi kutovaa vingine tena. Tukumbuke kwamba hiyo ni miaka ileile ya dhahabu ya dhiki. Nyumba zilezile zilizokuwa zikipeleka mikufu kwa mnunuzi ili zilipe kodi zilitoa bangili kwa ajili ya watu ambao dini ilikuwa imewaambia wasiwaguse.

Mwezi huohuo, tarehe 15, tetemeko kubwa liliipiga Bihar. Ghafla kukawa na maombi mawili mbele ya watoaji walewale, na maafa yenye magofu na maiti hushinda daima maafa ya kila siku. Gandhi aliikatiza safari kwenda Bihar, lakini mfuko wa Harijan hakuufunga. Alipotoka huko aliendelea. (Kusema kwake kuwa tetemeko lilikuwa adhabu ya dhambi ya utengano hatukubaliani nako. Rabindranath Tagore alimpinga hadharani, tena kwa haki.) Wahafidhina nao walimfuata na bendera nyeusi mji kwa mji, na Juni huko Poona bomu lilitupiwa gari lililodhaniwa kuwa lake. Safari ilipokwisha, zilikuwa zimepatikana rupia kama laki 8.

Laki 8, sehemu kubwa kwa sarafu ndogo ndogo, mwaka ambao nusu ya bei ya mavuno ilikuwa imetoweka. Basi kusema hakuna fedha ni hoja dhaifu kuliko tulivyodhani mwaka 2020. Lakini hesabu ina upande wa pili. Mwaka 1935 Ambedkar alitangaza huko Yeola kwamba alizaliwa Mhindu, ila hatakufa Mhindu. Mwaka 1956, Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Hatuwezi kusema barua moja iliyojibiwa ingemzuia. Tunasema tu kwamba mdai aliondoka.

Karo za watoto tulizirudisha mwaka 2022. Fungu la wakili lilirudi mwaka uliofuata, baada ya mabishano marefu na kujiuzulu kwa mdhamini mmoja. Pendekezo la kutenga viti viwili vya kamati ya ruzuku kwa wazazi wa watoto wanaosomeshwa na mfuko wetu lilipigiwa kura mara moja, likashindwa kwa kura 3. Limeandikwa tena katika ajenda ya mkutano mkuu wa mwaka huu, namba 7, baada ya taarifa ya ukarabati wa paa.