Dume au Jike? Historia Fupi ya Samaki wa Burton

Mwaka jana nilinunua samaki sita wadogo kwa muuzaji mmoja wa samaki wa mapambo hapa Kigali, nikawaweka katika tangi la kioo sebuleni. Nilitaka wazaane. Mmoja alikuwa wa manjano, mwenye mstari mweusi chini ya jicho. Watano walikuwa wa kijivu kama mchanga. Nikahesabu dume mmoja na majike watano. Baada ya miezi miwili yule wa manjano alikufa. Kesho yake asubuhi mmoja wa "majike" wangu alikuwa amegeuka manjano, na mstari mweusi umejitokeza usoni. Hesabu yangu ilikuwa na kosa tangu siku ya kwanza.

Kosa hilo ndilo lililonifanya nitafute historia ya samaki huyu. Katika insha hii nitaonyesha kwamba alipewa jina miaka mingi kabla maisha yake hayajaeleweka, na kwamba alieleweka pale tu watu walipomtazama akiwa hai.

Kwa jina la kisayansi anaitwa Astatotilapia burtoni. Ni ndugu wa furu wa Ziwa Viktoria. Makao yake ni Ziwa Tanganyika na mito inayoingia humo. Hapo si mbali nasi, kwani maji ya Ziwa Kivu hushuka huko kwa Mto Rusizi. Richard Burton na John Speke walifika Tanganyika mwaka 1858, wakiifuata njia ya misafara iliyokuwa ikitumiwa na wafanyabiashara tangu zamani. Samaki wenyewe walikusanywa baadaye na Edward Coode Hore, mmisionari Mwingereza. Albert Günther wa makumbusho ya London ndiye aliyewaeleza kitaalamu, na mwaka 1894 jina likamwendea Burton, aliyekuwa amekwisha kufa. Hore hakupewa, seuze wavuvi wa ziwa hilo.

Günther aliletewa samaki waliokufa, waliohifadhiwa ndani ya spiriti, na spiriti huondoa rangi. Aliweza kuhesabu magamba na miiba ya mapezi. Hakuweza kuona jinsi dume anavyolinda eneo lake, wala jinsi jike anavyotamia mayai mdomoni.

Mambo hayo yalijulikana kwa kuwatazama samaki hai, hasa ndani ya matangi. Mwaka 1962 Wolfgang Wickler, mtafiti wa Ujerumani, alieleza kazi ya vitone vya rangi ya chungwa vilivyo kwenye pezi la chini la dume, karibu na mkia. Vitone hivyo hufanana na mayai. Jike akishataga huyaokota mayai mara moja kwa mdomo, kisha hujaribu kuokota na vile vitone. Hapo dume humwaga mbegu, na mayai hurutubishwa mdomoni mwa mama.

Baadaye Russell Fernald, mtafiti wa Marekani, aliwachunguza samaki hawa kwa miaka mingi. Ilionekana kwamba dume asiye na eneo lake hufifia hata akafanana na jike. Nafasi ikipatikana, rangi humrudia kwa muda mfupi sana. Basi samaki wangu hakubadilika jinsia. Alikuwa dume siku zote, ila mwenzake alikuwa amemkandamiza.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wafugaji wa sebuleni tu. Ziwa Viktoria linatuonyesha vingine. Mwaka 1985 furu mmoja wa huko alipewa jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei. Dume wake ana wekundu mgongoni, na jirani yake wa karibu ana dume wa buluu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka na mwanga ukapungua, majike hushindwa kutofautisha madume hao, na aina mbili huanza kuchanganyika. Kwa hiyo jike asipoweza kumtambua dume wake, aina nzima ya samaki inaweza kutoweka bila hata mmoja kuvuliwa.

Katika tangi langu jike mmoja alitamia hatimaye. Kwa wiki mbili hivi hakula, na koo lake lilikuwa limevimba. Kisha akawaachia vifaranga, nami nikawahamishia kwenye ndoo ili wasiliwe. Katika daftari langu nimeandika tarehe waliyotoka na idadi yao. Safu ya jinsia nimeiacha wazi. Günther alikuwa na samaki ndani ya chupa tu, lakini mimi ninao hai mbele yangu, basi sina sababu ya kuijaza kwa haraka.