Boriti Mbili za Nara

Ukiingia hekalu la Todai-ji mjini Nara, Japani, macho yanamkimbilia Buddha wa shaba. Ni haki yake, ana karibu mita 15. Lakini ukitaka kujua hilo jengo limepitia nini, uliza kuhusu paa.

Ukumbi wa kwanza ulikamilika mwaka 758, ukiwa na upana wa mita 86 hivi. Ulichomwa vitani mwaka 1180. Mtawa Chogen, mzee wa zaidi ya miaka 60, akapewa kazi ya kuujenga upya. Miti mikubwa ilibidi aifuate hadi mkoa wa Suo, mbali upande wa magharibi. Tayari msitu ulikuwa umeanza kurudi nyuma.

Mwaka 1567 vita vikauteketeza tena. Safari hii mambo yalikuwa magumu kweli. Buddha alikaa miaka mingi akipigwa na jua na mvua, mpaka mtawa Kokei alipoanza kuzunguka akiomba sadaka. Pesa zilipatikana polepole, lakini miti je? Wapi! Basi ukumbi ukapunguzwa hadi mita 57. Hata nguzo zikaungwa kwa vipande vya mbao na kufungwa kwa pete za chuma.

Nguzo hukubali ujanja huo kwa sababu uzito unaishukia wima na kuvibana vipande pamoja. Boriti ni habari nyingine. Imelala juu ya nafasi tupu, imebeba paa la vigae mgongoni, na ukiiunga katikati, hapo ndipo itakapovunjika. Kokei alihitaji miti miwili mizima, kila mmoja wa mita 23 na zaidi. Ilipatikana Kirishima, kisiwani Kyushu: misonobari miwili. Mwaka 1704 ilikatwa, ikaburutwa hadi baharini, ikasafirishwa kwa meli, kisha ikavutwa mtoni na nchi kavu hadi Nara. Ukumbi ulizinduliwa mwaka 1709.

Kumbe hata hiyo haikutosha. Uzito wa vigae uliendelea kulilemea paa, na katika ukarabati wa mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi wakaingiza ndani yake fremu za chuma cha pua kutoka Uingereza.

Kuna watakaosema chuma hicho kimeharibu uhalisi wa jengo. Mimi naona kinaendeleza hadithi ileile. Kila kizazi kilijenga kwa kile ambacho kizazi kilichotangulia kilikuwa kimebakisha msituni, na kila mara kilikuta kidogo zaidi. Mfalme, mtawa, shoguni, wote walikuwa na njia za kutafuta pesa na watu wa kazi. Mti wa mita 23 hauwezi kuharakishwa kwa amri ya yeyote. Lazima mtu awe aliuacha usimame, karne kadhaa kabla yako.