Mashine ya Kufulia Ikiharibika: Mambo ya Kuzingatia kwa Wananchi wa Mbeya na Iringa

Na Mwandishi Wetu

Msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti huongeza uzito wa kazi ya kufua katika mikoa ya Mbeya na Iringa. Mablanketi, masweta na makoti huchelewa kukauka, na maji ya bomba nyakati za asubuhi huwa baridi kiasi cha kufisha ganzi vidole. Kwa sababu hiyo mashine ya kufulia, iliyowahi kuhesabiwa kuwa anasa, sasa hutumika katika nyumba za familia, nyumba za kulala wageni na kwa madobi wanaohudumia wanafunzi wa vyuo. Mashine ya kuoshea vyombo bado ni nadra majumbani na huonekana zaidi katika majiko ya hoteli.

Kifaa hicho kinaposimama, mwenye nacho hujiuliza kama akitengeneze au anunue kingine. Kwa dobi, kila siku ambayo mashine imelala ni siku isiyo na kipato. Makala haya yanaeleza hitilafu za kawaida, namna hali ya mtengenezaji inavyogusa upatikanaji wa vipuri, na taasisi za umma zinazohusika.

Hitilafu za kawaida

Mashine nyingi zinazodhaniwa kuwa zimekufa hukwamishwa na jambo dogo. La kwanza ni maji. Mashine nyingi zinazojiendesha zenyewe huhitaji shinikizo la takriban bar 0.5 ili valvu ya kuingizia maji ifanye kazi ipasavyo. Kiwango kamili huandikwa katika kitabu cha maelekezo. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban bar 1. Hivyo tangi lililoinuliwa mita 3 kutoka usawa wa mashine hutoa bar 0.3 tu, na mashine hujaa polepole au hugoma kabisa. Tiba yake ni kuinua tangi au kuweka pampu ndogo. Mashine za beseni mbili, ambazo hujazwa hata kwa ndoo, hazina tatizo hilo.

La pili ni uchafu. Maji yanaporejea baada ya mgawo au matengenezo ya bomba huja na mchanga na kutu, vinavyoziba chujio dogo lililopo mahali mpira wa maji unapoungana na mashine. Kwa upande wa kutoa maji, pampu hukwama kwa sarafu, pini na vifungo vilivyosahaulika mifukoni. Katika mashine ya vyombo, mabaki ya chakula huziba chujio la chini na matundu ya mikono inayorusha maji. Sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo kwa mkono haifai humo, kwani hutoa povu jingi linaloweza kufurika.

Zipo hitilafu zinazohitaji fundi. Pipa lisilozunguka ilhali mota inanguruma huashiria mkanda uliokatika au kuchomoka. Mota isiyonguruma kabisa huenda kaboni zake zimekwisha. Kelele nzito wakati wa kukamua ni dalili ya beringi kuchakaa, na mwenye mashine hashauriwi kuipuuza, kwani beringi iliyokufa huharibu ekseli na pipa. Baadhi ya watengenezaji hufunga pipa la nje kwa kulichomelea pamoja, hivyo beringi haibadilishwi peke yake bali pipa zima. Ni vema kumuuliza fundi jambo hilo kabla ya kukubaliana bei.

Usalama wa umeme

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230 na mzunguko wa hezi 50. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani hutumia volti 120 na hezi 60, na ikichomekwa moja kwa moja huungua. Mnunuzi wa mashine iliyotumika asome kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Mashine inayopasha maji huweza kutumia wati 2,000 au zaidi. Isichomekwe kwenye waya mwembamba wa kuongezea, na kidhibiti umeme kiwe na uwezo unaozidi mahitaji yake.

Mashine inayopiga shoti ichomolewe mara moja, isitumike hata kwa mzunguko mmoja. Maji na umeme visivyo na waya wa ardhi ulio salama ni hatari kwa maisha. Mfumo wa umeme wa nyumba ukaguliwe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Mtengenezaji akibadilika, vipuri hufuata

Mashine hukosa tiba pia pale vipuri vyake vinapotoweka sokoni, na hilo hutegemea hali ya kampuni iliyoitengeneza. Josephine Cochrane wa Marekani alipata hataza ya mashine ya kuoshea vyombo mwaka 1886. Kampuni yake ilinunuliwa na Hobart mwaka 1926, na chapa ya KitchenAid ya Hobart ikaangukia mikononi mwa Whirlpool mwaka 1986.

Whirlpool nayo, yenye chimbuko lake mwaka 1911, iliinunua Maytag mwaka 2006 na Indesit ya Italia mwaka 2014. Aprili 2024 biashara yake ya vifaa vya nyumbani barani Ulaya iliunganishwa na ya Arçelik ya Uturuki, inayomiliki asilimia 75 ya kampuni mpya ya Beko Europe. Mwaka 2016 Haier ya China ilinunua biashara ya vifaa vya nyumbani ya General Electric, na Midea, pia ya China, ikachukua sehemu kubwa ya ile ya Toshiba.

Kwa mwananchi, funzo ni kwamba jina lililoandikwa mlangoni halitoshi kumwelekeza fundi. Kinachohitajika ni namba kamili ya modeli iliyo kwenye kibandiko. Ipigwe picha siku ya kununua, kabla maji na sabuni havijaifuta.

Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2021, unawataka watengenezaji kuhakikisha vipuri kadhaa vya mashine za kufulia na za vyombo vinapatikana kwa miaka 10 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Kanuni hiyo inahusu soko la Ulaya. Mnunuzi wa Mbeya au Iringa anapaswa kumuuliza muuzaji: vipuri vinapatikana wapi, wakala ni nani, na dhamana ni ya muda gani?

Haki za mnunuzi na nafasi ya mafundi

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC), ambayo pia hushughulikia bidhaa bandia. Masuala ya ubora na viwango yapo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Bila risiti na hati ya dhamana ni vigumu kuthibitisha madai, hivyo mnunuzi adai risiti ya EFD na kuitunza.

Kwa upande wa mafundi, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina vyuo Mbeya na Iringa, na huendesha utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunza kazi mtaani anaweza kupimwa na kupata cheti. Mteja naye aombe kuelezwa hitilafu na gharama kabla ya kazi kuanza, na arudishiwe kipuri cha zamani baada ya kazi.

Mashine isiyotengenezeka isitelekezwe bondeni wala nyaya zake zisichomwe moto ili kupata shaba, kwani moshi wake una sumu. Taka za vifaa vya umeme husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mara nyingi mota, pampu na mlango wa mashine moja iliyokufa hutosha kufufua nyingine, hivyo fundi ndiye wa kwanza kuulizwa kabla ya kuitupa.